Ugatuzi wa Baridi

Haya nitakayoyasimulia ni kweli tupu. Naapa kwa pensheni yangu, na mstaafu hana kiapo kizito kuliko hicho. Asiyeamini na apande Wundanyi akaulize, ila asiulize kwa sauti ya juu.

Ilikuwa ule mwaka jua lilipohamia Voi na jamaa zake wote. Mabati yalilia mchana kutwa, mbuzi waligombania kivuli cha nguzo ya stima, na mvua za vuli ziliahirishwa bila notisi. Basi asubuhi moja likapita gari lenye vipaza sauti, likitangaza kwamba kwa kuzingatia misingi ya usawa, na baada ya mashauriano ya kina na washikadau wote, Ofisi ya Ugatuzi wa Baridi imeanza kazi rasmi. Kwa muda mrefu Wundanyi imejilimbikizia baridi peke yake kule milimani, tangazo lilisema, huku wananchi wa tambarare wakiungua. Dhuluma hiyo imekwisha. Baridi sasa itagawanywa kwa haki.

Saadiya alilisikia tangazo hilo akiwa amechuchumaa nyuma ya nyumba yake, akiutazama mchicha wake kama mtu aliyekwenda kumwona mgonjwa. Alikuwa mjane, muuza mahamri na mboga, na mchicha ule ndio uliomweka binti yake Firdaus chuoni. Maji ya mfereji yalikuja yalipojisikia. Akimwagilia, jua huyanywa yote kabla mizizi haijapata habari.

Mkurugenzi wa Ofisi hiyo, Bwana Ronald, alikuwa mtu wa suti ya sufi na mipango mikubwa. Utaratibu wake ulikuwa wazi kabisa. Alfajiri, wafanyakazi wake walisimama kwenye ukungu wa Wundanyi na mitungi ya plastiki, ile ya manjano iliyokuwa ya mafuta ya kupikia, wakaiacha wazi mpaka ijae baridi. Kisha walifunga vifuniko upesi baridi isitoroke, lori likateremka. Mwananchi wa Voi alitakiwa kuingia chumbani, kufunga madirisha, kufungua mtungi taratibu, na kuitumia baridi yake kwa uwajibikaji.

Saadiya alipopewa mtungi wake aliingia chumbani kama alivyoelekezwa. Akaufungua. Akaingiza pua. Ndani mlikuwa na harufu ya mafuta ya kukaangia tu. Majirani walimngoja mlangoni kujua baridi ikoje. Akautazama mtungi, uzima wake, usivyovuja popote, kisha akautazama mchicha.

"Baridi ni nzuri," akawaambia. "Ila ni kidogo. Walete mtungi mwengine."

Majirani si wajinga, wakamwelewa. Tangu siku hiyo malalamiko yakafurika ofisini: baridi imeisha mapema, baridi haikutosha watoto, mtungi mmoja kwa nyumba nzima ni dharau. Bwana Ronald alifurahi mno. Akaripoti kwamba mahitaji yamevuka malengo, na malori yakaongezwa.

Kule nyuma ya nyumba, Saadiya alipasha sindano kwenye jiko la makaa, akatoboa kila mtungi tundu dogo chini, akaifukia nusu kati ya mistari ya mchicha. Ndani alitia maji ya kutawadhia, ambayo kila nyumba mtaani ilimkingia kwenye beseni. Tone moja moja, mizizi ikanywa kwa starehe. Wengine waliivisha mitungi yao magunia mabichi, wakaitundika upepo unapopita, na maji ya kunywa yakawa kama ya friji. Naye Kaloki, mkulima wa Marungu aliyemletea Saadiya pojo, aliikata mitungi yake milango, akaipaka nta, akaining'iniza kwenye waya wa shamba. Nyuki wakahamia. Ndovu walipokuja kula pojo kama kawaida, walisimama, wakausikiliza mvumo wa nyuki, kisha wakageuka taratibu kama watu waliokumbuka wana mkutano mahali pengine.

Bwana Ronald alipita akaona kijani kila upande. Akatikisa kichwa kwa kuridhika. Baridi ilikuwa inafanya kazi.

Mambo yakaharibika wafadhili walipoandika kwamba wanakuja. Walitaka kujionea mzunguko kamili wa mradi: mtungi unashuka umejaa, unapanda mtupu, unajazwa tena. Ikatoka amri kwamba mitungi yote irudishwe kufikia Ijumaa, na atakayebaki nayo atahesabiwa mlanguzi wa baridi ya umma. Mfereji wakati huo ulikuwa umekauka koo. Saadiya alijua mitungi ikiondoka Ijumaa, Jumapili atakuwa anauza vijiti. Akajitanda buibui, akamfuata Mkurugenzi ofisi yake ya muda pale Voi.

"Mheshimiwa, mkichukua mitungi hii mchicha wangu umekufa."

"Mama Firdaus, mtungi ni chombo cha kuhifadhia baridi. Kutia maji ni matumizi mabaya ya mali ya umma."

"Na mtungi ukipanda kule juu, utakuwa na nini ndani?"

"Hakuna kitu. Utakuwa mtupu."

"Mtupu? Na jua lote hili?"

Bwana Ronald alicheka, akamwomba sayansi awaachie wataalamu.

Saadiya alirudi nyumbani akampigia simu Mkamburi, mwenyekiti wa akina mama wa Wundanyi wanaolima kabeji, ambaye alikuwa akimteremshia mzigo kila wiki. Hakumweleza mengi. "Mwenzangu," alisema, "wanakuleteeni joto la Voi. Lori zima."

Ijumaa lori likapanda, limesheheni mitungi iliyokaangwa na jua tangu asubuhi. Nyuma yake gari la wageni, vioo vimefungwa, kiyoyozi kinavuma. Bwana Ronald alikataa kupanda gari hilo. Alikaa mbele kwenye lori, ndani ya suti yake, ili apigwe picha akiwa bega kwa bega na mradi. Kwenye kona ya mwisho kabla ya Wundanyi wakakuta akina mama wamesimama katikati ya barabara. Mkamburi aliweka kiganja juu ya mtungi, akakiondoa upesi.

"Hii imejaa joto," alisema. "Mkilifungulia huku, kabeji zetu zinalala leo leo. Ama Mkurugenzi utuambie joto halibebwi kwa mtungi."

Wageni wakateremka, kalamu mkononi, wakasema hata wao wangependa kulijua hilo. Bwana Ronald akawatazama wageni, akautazama mtungi. Akisema joto halibebeki, wataanza kuuliza habari za baridi.

"Kisayansi," alisema huku akilegeza tai, "joto linabebeka."

"Basi lirudi kwao."

Hapo hapo barabarani akatoa Amri ya Kulinda Chanzo cha Baridi. Kitu chochote chenye joto la tambarare kisipande Wundanyi kabla hakijapoa, na mitungi yote ibaki Voi kwa kudumu, mikononi mwa wananchi. Wageni wakapiga makofi. Walikuwa hawajawahi kuona ofisi ikiamua jambo barabarani.

Bwana Ronald akaanza kutembea kuelekea ofisini kwake, pale juu tu. Mkamburi hakumpisha. Alimwekea kiganja kwenye paji la uso, vile mama hupima mtoto. Mwenzake akampima shingo.

"Huyu anachemka," wakakubaliana.

Hawakumtukana wala kumsukuma. Walimwomba tu awasomee amri yake tena, polepole. Wageni nao wakapimwa, wakakutwa baridi kama samaki wa barafu, wakaruhusiwa kupita. Mkurugenzi akarudishwa Voi juu ya lori, katikati ya mitungi, ili akapoe.

Saadiya aliipokea mitungi, akampokea na yeye. Akampa kibao pale kibandani anapouzia mahamri, chini ya magunia mabichi, na bilauri ya maji ya ukwaju.

"Kaa upoe, mwanangu. Usiwe na pupa. Kupoa Voi ni kazi ya kudumu."

Na hadi hivi leo yuko pale pale kibandani kwa Saadiya. Kila jioni anajipima paji la uso, anaguna, anaendelea kukaa. Kazi yake sasa ni kujaza mitungi ya mchicha, na wanasema ndiyo mara ya kwanza ofisi ile kutoa huduma.

Nilikuwa nimefika hapo katika kusimulia, kibandani humo humo, wasikilizaji wameacha mahamri yao mezani, nilipomwona Saadiya mwenyewe amesimama nyuma yangu na mwiko.

"Mzee Kombo, huyo Mkurugenzi yuko wapi? Hicho kibao mbona umekikalia wewe tangu asubuhi?"

Watu wote wakakitazama kibao. Nikasema ametoka kidogo, amekwenda kujipima.

"Haya. Mpaka arudi, kazi yake itafanywa na wewe. Ndoo ile pale, na mitungi mitupu."

Nikainuka, maana sikuwa na pa kupitia. Jua lilikuwa utosini na mistari ya mchicha ni mirefu. Lakini nilipoinama nikafungua kifuniko cha mtungi wa kwanza, kijibaridi cha Wundanyi kikanipiga usoni.