Nafasi ya Mtu wa Mbale

Jumatatu, 2 Machi 1987
Nalufenya, Jinja. Kulusumu amesema, tena bila kupandisha sauti, kwamba nisipopata kazi ifikapo Ijumaa anachukua watoto na kwenda kwa mama yake Buwenge. Mke akipiga kelele, bado yupo. Akisema polepole, ameshafunga mzigo. Nampenda yule mwanamke!

Basi, kiwanda cha mablanketi kinafunguliwa tena. Wakati wa vita waling'oa hata vitasa vya milango. Tangazo liko langoni: kazi zitagawanywa kwa mikoa na dini, wanawake wasisahauliwe, kabila moja lisimeze zote. Kinyozi wetu wa mtaani anaapa kwamba nafasi za watu wa Jinja zimejaa. Uonevu mtupu! Nikamwambia jirani yangu Ojok, mtu wa kaskazini aliyekuwa askari jela, kwamba mtu aajiriwe kwa ujuzi wake tu. Akauliza ujuzi wangu ni upi. Sikupenda alivyouliza.

Jumanne, 3 Machi
Nimepata dawa! Kinyozi kasema nafasi za Mbale hazina watu. Niliuza vitunguu Mbale miaka miwili. Kusalimia najua: mulembe. Kuanzia leo siitwi Zubairi, naitwa Mafabi, jina la huko. Vyeti? Vita vimeunguza vyeti vya watu wengi, vyangu vina nini hata visiungue? Huu ugawaji ni wa haki kabisa. Naunga mkono.

Nikamshauri Ojok naye abadili jina. Amekataliwa mahali patatu. Wakisikia Ojok wanaona bunduki za jeshi lililoshindwa. Akasema, "Mimi taandika jina yangu. Hii ndiyo kitu moja vita iliniachia." Niliona haya kidogo. Ikapita.

Alhamisi, 5 Machi
Usaili. Mezani Bi Namono, mkuu wa kuajiri, na Mzee Yekosofati, wote wawili Wagisu, wenyeji wa Mbale hasa. Mkosi! Nikatoa mulembe yangu. Mzee akafurahi, akauliza nimetahiriwa mwaka gani, apate kujua rika langu. Swali gani hilo mbele ya mwanamke? Mimi Mwislamu, nilitahiriwa sijaota meno. Nikabuni: sabini na tano.

Mzee akasema kwa upole kwamba kwao kisu cha tohara hutoka miaka ya shufwa tu. Sabini na nne, sawa. Sabini na sita, sawa. Sabini na tano hakikunolewa kisu Bugisu nzima.

Nikajibu kwamba nilikuwa na haraka, sikuweza kungoja.

Bi Namono alicheka hadi miwani ikaanguka. Nikaonyeshwa mlango. Nje alikuwa Ojok, kanyoosha shati, cheti mkononi. Alipita vita vyote nacho kifuani. Nikamtakia heri, kwa shingo upande.

Ijumaa, 6 Machi
Majina yamebandikwa. Ojok, mtunza ghala! Bi Namono akaniona langoni, akaniita Mafabi wa Haraka. Nikamwambia jina langu la kweli na kwetu. Akasikitika. Kumbe nafasi ya karani kwa mtu wa Jinja ilikuwa wazi hadi jana jioni, wakimtafuta Mwislamu anayejua kusoma. Hakutokea mtu. Wamempa mwanamke mmoja wa hapa, Nangobi. Kinyozi yule, Mungu anamwona!

Nikarudi nyumbani. Kulusumu hayupo, watoto hawapo. Ameniachia sufuria moja, ile inayovuja. Nimelia, niseme kweli.

Jumapili, 8 Machi
Nimemfuata Buwenge. Amekubali kunisikiliza huku akimenya viazi. Nimemweleza kwamba nimetafakari sana na kosa langu nimeliona: nilichagua kabila baya. Zama hizi ni za watu wa kaskazini, atazame Ojok! Mbale kuna kiwanda cha sabuni kinachoajiri. Naondoka kesho, jina langu Opio.

Kulusumu ameweka kisu chini. Ameuliza kama najua kwamba Opio ni jina la pacha, na wakitaka kujua mwenzangu yuko wapi nitasema nini.

Nitasema naye hana kazi. Huenda wakatuandika wote wawili.