Vichembe Vyangu na Ini la Panya

Jumatatu, 3 Machi
Mkuu wa maabara katangaza: Ijumaa atachagua mchanganyiko mmoja tu uendelee. Wangu, au wa jirani yangu wa meza, Miwani. Kazi yetu ni kufunga jeni ndani ya vichembe vya mafuta, vidogo kuliko vumbi, viipeleke kwenye uvimbe wa saratani. Vya Miwani vinafika. Vyangu vinaishia kwenye ini, kama wageni waliokosea nyumba wakapenda makochi.

Jumanne, 4 Machi
Nimemtembelea mama mkwe. Ana saratani ya titi, anatibiwa hospitali. Mdomo ukaniponyoka: dawa yangu iko karibu! Akauliza karibu wapi. Nikakohoa. Akasema, "Mwanangu, wewe fanya kazi yako vizuri. Mimi daktari ninaye." Ila majirani keshawatangazia. Lazima nishinde.

Jumatano, 5 Machi
Miwani kaenda kula. Daftari lake wazi mezani! Nimenakili vipimo vyote kiganjani. Nimechanganya, nimewadunga panya. Jeni hii hung'arisha seli inamoingia, basi kesho kamera itasema. Nimenawa mikono nikipiga mluzi.

Alhamisi, 6 Machi
Maini yameng'aa. Yote! Uvimbe, giza totoro. Mkuu akauliza vipimo nimevitoa wapi. Ubunifu wangu, nikajibu. Miwani akainamia picha, akasema kwa upole kwamba matokeo yanafanana kabisa na jaribio lake lililofeli mwezi jana. Mkuu akanisifu kwa kurudia kosa la mwenzangu bila kukosea hata tone. Miwani hakucheka. Hilo ndilo lililoniudhi.

Ijumaa, 7 Machi
Kachaguliwa Miwani. Mimi msaidizi wake. Nimempongeza meno yote nje. Mchana kavuta kiti, kanieleza taratibu mafuta yapi yapunguzwe, na vichembe vivishwe nini ili ini lisividake. Kaniandikia vipimo kwa mkono wake mwenyewe. "Wagonjwa wanasubiri, ndugu yangu," kasema. "Tusivutane." Nikamfikiria mama mkwe. Nikamshukuru, na shukrani ilikuwa ya kweli.

Jumamosi, 8 Machi
Nimelala vizuri, akili imetulia. Nani humpa mshindani wake siri ya kazi bure? Hakuna! Ile karatasi ni mtego. Nimekaa nayo asubuhi nzima na kalamu nyekundu, nimesahihisha vipimo vitatu. Mafuta nimeyazidisha mara mbili. Jumatatu nachanganya kabla hajafika.