Nani Anawashibisha Kuku wa Wiebe?

Haya alinihadithia Wiebe mwenyewe, juzi Jumapili tukitoka kanisani, na mwanamume wa kwetu Frizia, huku kaskazini mwa Uholanzi, akisema maneno mengi namna ile, jua yamemkaa rohoni.

Siku ya kisa chenyewe upepo ulikuwa wa kukata masikio, lakini Benchi la Waongo, wanapokaa wazee kupiga soga pale bandarini, halina likizo. Sipke, tunayemwita Gazeti, alikuja na gazeti lake. Oene, aitwaye Daktari ingawa maisha yake yote ameuza mbao, alikuja na chupa ya kahawa na bati la biskuti. Kila mtu, Wiebe naye, akachukua moja, bati likafungwa pap, ndiyo desturi.

"Sikieni," Gazeti akasema. "Mvua imezidi, minyoo imewajaa kuku wa nyumbani nchi nzima."

"Nchi nzima wapi? Yote imehamia kwa Wiebe!" Daktari akadakia. "Wale si kuku tena, ni miavuli iliyofungwa."

Wiebe hakucheka. Kuku wake walikuwa wamekonda, vishungi vimepauka, mayai hakuna. Na mkewe Baukje alikwisha toa hukumu: wasipopata nafuu kufikia Jumamosi, supu.

"Si ulinunua dawa?" Gazeti akamuuliza.

"Nilinunua, nikatia kwenye maji."

"Maji!" Daktari akajipiga paja. "Mzee mwenzangu, hapa kwetu kila ukikanyaga ni dimbwi. Kuku gani atakunywa uchungu wa ndoo na mtaro uko miguuni pake?"

"Ndiyo nikabadilisha, nikaleta ya kuchanganya na chakula. Hawagusi! Wanakitazama, wananitazama mimi, wanajiondokea. Matumbo yamejaa, sijui wamekula wapi."

Gazeti akazama ndani ya gazeti lake. Wiebe akayaona masikio ya mwenzake yakiiva kwa haya.

"Sipke. Wewe ndiye tuliyepakana naye ua."

"Maganda ya mkate tu, bwana! Niutupe mkate? Mama yangu si atafufuka? Na wale viumbe walivyokuwa wananikodolea macho..."

"Kila siku?"

"Mkate unakauka kila siku!"

"Muuaji wee!" Daktari akafoka. "Mwenzio anatibu, wewe unaandaa karamu!"

"Na wewe unayepita pale na mfuko wa mbegu za maboga? Madirisha yangu hayana pazia, Daktari."

Daktari akameza biskuti bila kutafuna. "Ile ni tiba ya minyoo! Babu yangu alitibu hivyo. Mgonjwa haulizwi uji."

"Basi wagonjwa wangu mmewashibisha!" Wiebe akasimama. "Mnawapeleka kwenye sufuria kwa huruma zenu. Jumamosi mkisikia harufu, msinibishie hodi."

Wakaona haya. Wakaapa, mikono juu ya bati, hakuna chembe itakayovuka ua tena. Kisha Daktari akalifungua bati, akagawa biskuti ya pili. Jambo hilo halijapata kutokea, hata siku aliyomzika baba yake.

Jioni Wiebe akamwaga chakula chenye dawa, akajibanza nyuma ya baiskeli kulinda. Kuku wakasogea. Mmoja akadonoa.

Mara mlango wa jikoni ukalia. Kuku wote wakatimka mbio kuuelekea. Baukje huyo, na viatu vyake vya mbao, kikaango mkononi, anarusha vipande vya pankeki.

"Kuleni, wanangu," ananong'ona. "Kuleni mpone kabla ya Jumamosi."

"Baukje!"

Mama wa watu akaruka, kikaango nusura kimponyoke. "Nawanenepesha," akasema. "Kwa ajili ya supu."

"Kwa pankeki za sukari?"

"Wewe hujui kupika, nyamaza."

Wiebe akakichukua kikaango, akazila pankeki zilizobaki palepale, mvua ikimnyeshea, mpaka kuku walipokata tamaa wakarudi kwenye chakula chao. Wakadonoa, wakadonoa, mume na mke wakiwatazama.

"Jumamosi ni supu ya njegere," Baukje akasema mwishowe. "Na ole wako umwambie mtu."

Akaingia ndani, akalala kichwa kilipogusa tu mto. Wiebe yeye, tumbo limemjaa riziki ya kuku, alijigeuza huku na huku akicheka chini ya blanketi, mpaka naye usingizi ukambeba.