Mshirazi wa Scarborough

Jumamosi, 3 Machi 2012
Ushindi! Nimeingia kundi la kusoma vitabu, maktaba ya Don Mills, huku ughaibuni. Msimu huu ni Iran tu: maisha, historia, Muirani ni nani hasa. Kiongozi ni Mama Parvaneh, mwalimu mstaafu, mzaliwa wa Shirazi. Siku ya Nairuzi, mwaka mpya wao, mwanakundi mmoja atahutubia mbele ya jamaa wote wa Mama Parvaneh. Atakuwa mimi. Leonce, mtu wa kwetu bara, naye anaitaka hotuba hiyo. Mhasibu wa Pickering, anasoma kitabu mpaka namba za kurasa. Masikini.

Jumapili, 4 Machi
Sijafungua kitabu. Sababu ninayo: mimi Khalfan, mtu wa Makunduchi, Mshirazi wa damu. Nani anasoma kitabu kujua habari za babu zake? Mke wangu Suhaila kasema hata maelezo ya mashine ya kufulia sikuyasoma, ndiyo maana sweta lake sasa linamtosha mwanasesere. Wivu. Yeye kwao Tanga.

Jumamosi, 10 Machi
Nimetangaza ushirazi wangu mbele ya kundi. Leonce kadakia kwa Kiswahili: kama mimi Mshirazi, basi yeye Baba Mtakatifu. Nikamwacha. Mkubwa jalala. Mama Parvaneh kauliza babu zangu walitoka mtaa gani wa Shirazi. Nikajibu, karibu na stendi.

Kicheko! Miwani ya Leonce ikadondoka. Kauliza kwa upole, stendi ya nini, miaka elfu iliyopita? Nikasema ya ngamia. Nilitamani ardhi inimeze.

Ndipo Mama Parvaneh, kwa huruma nadhani, kauliza Nairuzi kwetu ikoje. Hapo ndipo pangu! Nikamwaga: Julai tunaoga mwaka, wanaume wenye vinyongo wanachapana kwa migomba mpaka viishe, kibanda cha makuti kinachomwa, wanawake wanaimba, na mgeni anakula nyumba yoyote. Mama kashika kifua. Kasema nao huruka moto kabla ya mwaka mpya, na hakujua wana ndugu mbali namna hiyo. Leonce anapekua, anapekua. Hamna! Kitabu kizima, Makunduchi haimo! Hotuba nimepewa mimi. Makofi ukumbi mzima. Leonce alipiga kwa vidole viwili.

Jumatatu, 19 Machi
Mji huu hauna migomba. Nimezunguka maduka yote ya Scarborough, soksi chapachapa. Nimepata liki, vile vitunguu virefu kama rungu. Suhaila kauliza supu ya nani. Nikasema ya Leonce.

Jumanne, 20 Machi
Nairuzi! Meza imependeza: tufaha, siki, ngano iliyochipua. Hotuba sikuandika. Vitendo tu. Nikamwita Leonce mbele, nikampa liki, nikamtaka ataje kinyongo chake kwanza, ndiyo desturi. Kaigeuzageuza mkononi. Kisha kasema amesoma vitabu vyote, kavielewa, na hakuna hata mtu mmoja aliyewahi kumwuliza swali.

Lo! Nikamchapa taratibu. Karudisha. Wallahi mhasibu ana mkono wa mwashi! Liki zikapasuka, wazee wakashangilia, bibi mmoja akaomba moja ya kumchapia shemeji yake. Kisha, huku tunanuka kitunguu, nikamwuliza Leonce mbele ya wote: haya mwanangu, Muirani ni nani hasa? Akafunguka. Bila karatasi! Wazee wakafuta machozi, Mama Parvaneh akamkalisha kando yake. Hotuba yangu imefana sana.

Jumamosi, 24 Machi
Msimu mpya: vitabu vya Goa. Kiongozi ni Mama Assunta, Mgoa wa Nairobi. Leonce kaniletea kitabu, kanikunjia kurasa za kuanzia. Muungwana kweli. Nimekiweka kwenye mlango wa jikoni usijifunge. Kwani Wagoa si walitawaliwa na Wareno? Na Wareno si walifika Pemba, ndio wakaacha mchezo wa ng'ombe? Na bibi yangu mzaa mama si Mpemba? Nimeshamwambia Assunta sisi ndugu.

Mchana nimempigia mfugaji mmoja nje ya Pickering. Fahali anakodishwa.