Kuhusu Bahari Inayotaka Kunichukulia Mke

Ndugu Mhariri,

Natumaini u mzima wa afya, na kwamba viti vya ofisi yako ni imara, maana nakuomba ukae kwanza.

Mimi ni karani wa masjala mstaafu. Kwa miaka thelathini na sita nimetunza majalada katika chumba kilichokuwa chini ya ngazi, na halijapotea hata moja, isipokuwa lile ambalo bosi mwenyewe alikuwa amelikalia. Nyumbani pia tunaishi kwa jalada. Jambo likitokea nafungua jalada, naliweka juu ya meza ya kulia, naandika maoni yangu. Mke wangu, ambaye ni mkunga mstaafu, anaandika yake chini, tunatia sahihi, tunakula. Ndivyo tulivyochagua majina ya watoto, shule zao na rangi ya mapazia. Hatujawahi kupigiana kelele. Majirani walidhani tumenuniana.

Mwezi wa tatu mwenye nyumba alitutaka tuhame, kwa kuwa binti yake anaolewa na nyumba ndiyo zawadi yake. Wiki hiyo hiyo jarida lako likatoka na makala ya "Wapi Tuishi Uzeeni?", yenye picha mbili kubwa: kitongoji cha kale cha pembezoni mwa jiji, na mji wa mapumziko ulioko ufukweni. Mwandishi wako alishauri mume na mke wakakae wiki moja kila mahali, kisha waamue. Tukatii. Yaliyotupata ni haya:

1. Makala iliandika kwamba "kote ni kuzuri". Ndugu Mhariri, sitaki kukufundisha kazi, lakini karatasi moja haiwekwi kwenye majalada mawili. Mshika mawili moja humponyoka, na hapa anayeponyokwa ni mimi.

2. Tulianza na kitongoji cha kale, nami nikakipenda tangu mlangoni. Kuta zina unene wa mkono mzima, ngazi zimelika katikati kwa nyayo za watu waliokufa zamani, na juu ya mlango kuna kibao kinachosema kwamba mtu mashuhuri aliwahi kulala humo usiku mmoja. Asubuhi ya pili nilikuwa dirishani napiga mswaki, kifua wazi, nikamsikia mwongoza watalii akiwaambia wageni wake, "Na huyu ni mkazi halisi." Wakanipiga picha. Mke wangu alisema hiyo ni fedheha. Mimi niliendelea kupiga mswaki mpaka kundi la pili likapita. Miaka yote ile chini ya ngazi hakuna aliyewahi kuniangalia namna hiyo.

3. Ni kweli kwamba huko huruhusiwi kupigilia msumari ukutani bila kibali cha kamati ya kuhifadhi majengo, ambayo hukutana mara tatu kwa mwaka. Mke wangu alitaka kutundika chandarua. Niliandika ombi, nikajibiwa siku ya pili yake kwa barua yenye namba ya kumbukumbu na muhuri ulionyooka, kwamba litajadiliwa baada ya miezi mitatu. Nusura nilie kwa furaha. Mke wangu aliandika kwenye jalada: "Nimeona. Mbu nao wameona. Hapa sirudi."

4. Lalamiko hili limeondolewa. Lilimhusu shemeji yangu, dada wa mke wangu, na mke wangu alipita nyuma ya kiti nikiwa naliandika.

5. Tukaenda ufukweni. Bahari, Ndugu Mhariri, haina saa za kazi. Inapiga kelele asubuhi, mchana na usiku, hata sikukuu. Nilikwenda ofisi ya mji kulalamika. Karani mwenzangu, mtu mzima kabisa, alinipokea akiwa pekupeku, nywele zinachuruzika maji. Aliisoma barua yangu yote, akailowesha, kisha akaniambia, "Mzee wangu, iache tu hapo, nenda kaoge kwanza, halafu uje tuongee." Hakuigonga muhuri. Nilipomuuliza masjala iko wapi, alinionyesha kapu.

6. Mji ule kila mtu ni mgeni. Fundi bomba yuko likizo, na likizo yenyewe anaifanyia hapo hapo. Shuka zina mchanga, mkate una mchanga, na nimekuta mchanga ndani ya pakiti ya bahasha ambayo sikuwa nimeifungua.

7. Sasa nafika penyewe. Mke wangu amezalisha wake za watu kwa miaka thelathini na mmoja, na sijapata kumwona ameketi kabla jua halijazama. Siku ya tatu aliingia majini na gauni lake, maji yakamfika magotini, wimbi likampiga, akacheka. Kicheko chenyewe sikukitambua. Nilisimama pale, viatu mkononi, nikijaribu kukumbuka nilikisikia lini mara ya mwisho, na kumbukumbu zangu, ambazo wakubwa wa ofisi nzima walizitegemea, hazikuwa na kitu. Alinipungia mkono niingie. Nikamjibu kwamba nimevaa soksi. Akageuka akaendelea kucheka na watu ambao hata majina yao hatukuwa tunayajua. Niliyaonea wivu maji, Ndugu Mhariri. Naandika hivyo kwa sababu ni kweli.

8. Tangu turudi, mke wangu haandiki tena kwenye jalada. Nimejaza kurasa kumi na nne za sababu za kuhamia kitongoji cha kale, zote zina vichwa vya habari, na chini ya kila ukurasa pako peupe. Jana, akimenya viazi, alisema, "Gari la mizigo linakuja Jumamosi saa tatu," akaendelea kumenya. Hakusema linamchukua nani. Sikuuliza. Masjala huulizi habari za jalada ambalo hukuandikiwa. Nilivihesabu vile viazi nijue ni vya watu wangapi, nikashindwa. Nilipoona maji yamezidi unga, nikachukua kalamu.

Kwa hiyo naomba yafuatayo. Kwanza, katika toleo lijalo utangaze kwamba mji ule wa ufukweni umefutwa. Ikishindikana, utangaze kwamba bahari imehamishiwa kitongoji cha kale, nyuma ya jengo lenye kibao, na kwamba kamati imeipokea kwa sharti la kutopiga kelele. Hilo nalo likishindikana, mwandishi wako afike hapa Jumamosi kabla ya saa tatu, amwambie mke wangu kwamba alikosea. Mimi nimejaribu, lakini maneno ya mume wa miaka thelathini na minane hayana muhuri. Naogopa kubaki. Naweza kuishi bila bahari, naweza kuishi hata bila ukuta mnene, lakini yeye asipokuwepo sijui hata chumvi inakaa wapi.

Nisalimie wapiga chapa wote, mchora katuni, mhudumu wa chai, mlinzi wa getini, na yule anayetunga chemshabongo (ya mwezi uliopita ilikuwa na kosa, nitamwandikia kando). Watoto wetu, ambao wote wana nyumba zao, wanakusalimu pia, ingawa hawajui kama nakuandikia.

Wako mtiifu, anayesubiri jibu kwa maandishi,

Karani wa Masjala (Mstaafu)

Nakala: Mwandishi wa makala
            Jalada

N.B. Nimetoka chumbani kutafuta bahasha. Kumbe mke wangu ameshafunga mizigo. Masanduku ni mawili. La kwanza lina magauni yake. La pili nililifungua kwa kisingizio cha bahasha, nikakuta mashati yangu yote, yamepigwa pasi na kukunjwa, na katikati yake nguo mpya ya kuogelea ya saizi yangu. Sikuulizwa, sikuandikiwa, wala sikutia sahihi popote. Nilikaa kitandani nikafuta miwani mara mbili. Tafadhali uichukulie barua hii kama haijaandikwa. Kuanzia mwezi ujao jarida langu litumwe mji wa ufukweni. Namba ya nyumba bado siijui, wala cheo changu usihangaike nacho; andika tu "Mume wa Mkunga". Nasikia huko wameshamzoea.