Rashidi wa Mtandaoni

Jumatatu, 6 Oktoba 2003

Wewe uliyefungua ukurasa huu, nakuomba kwa heshima zote: funga mlango kwanza. Kisha usimwambie mtu neno hata moja, awe mkeo, awe padri wako. Mkuu wa shule akijua, kazi sina.

Mimi ni Severin, karani wa sekondari hii ya binafsi, Kihonda. Jengo lilikuwa ghala la shirika la umma. Serikali ikauza, Mzee Eustace akanunua, akajiita Mkuu. Darasani bado kunanuka katani.

Sasa kumeingia jambo jipya. Watoto wa kidato cha tano wanasoma kozi ya chuo cha ng'ambo kwa intaneti. Akifaulu mtoto, akifika chuoni kozi hiyo hairudii. Watoto! Wasiojua hata kukunja barua! Na mimi niliyemaliza kidato cha sita, nikakosa chuo kwa pointi moja, kazi yangu ni kuwawashia kompyuta.

Haiwezekani. Rashidi alihama mwezi uliopita. Baba yake kapelekwa kituo cha reli cha Kisaki. Nafasi yake kwenye kozi bado iko wazi, na nywila natunza mimi. Kuanzia leo Rashidi anasoma. Mwishoni nitawaandikia chuo kwamba jina lilikosewa. Majina hukosewa kila siku. Anayeyakosea ni mimi.

Jumatano, 8 Oktoba

Profesa wetu anataka tumwite Linda. Mtu mzima! Katupa mada ya kujadiliana mtandaoni: je, bosi anayeamua kila kitu peke yake ni bosi mzuri? Nikaandika kwa uangalifu mkubwa. Kichwa cha habari. Chini yake: tafadhali husika na kichwa cha habari hapo juu. Kisha nikakubaliana na Profesa, nikakubaliana na wanafunzi wote, nikashukuru.

Sifuri! Darasa karibu zima sifuri. Linda anasema anayekubali tu hajafikiri. Alama ni za kupinga kwa hoja. Kumpinga mwalimu! Nasra, kile kisichana cha mtaa wa Kilakala kisichojua kusalimia, kimempinga mara mbili. Kumi kwa kumi. Elimu gani hii, utovu wa adabu unapewa alama?

Ijumaa, 10 Oktoba

Nimempinga Nasra. Kwa adabu: husika na kichwa cha habari hapo juu, hoja yako imepokelewa na imekataliwa.

Akajibu palepale, akauliza kama Rashidi ana sababu au ana mhuri tu. Darasa likaangua kicheko. Nami nimeketi kwenye kompyuta ya karani, hatua chache kutoka kwao! Nikainama chini ya meza, nikajifanya natafuta karatasi.

Jumanne, 14 Oktoba

Sikukuu. Shule tupu. Nimejifungia ofisini.

Collins, mwenzao Nasra darasani, hajawahi kugusa kozi. Zamu yake yote ya kompyuta husoma habari za mpira wa Ulaya. Nimeingia kwa jina lake, nikampinga Rashidi, ili Rashidi apate mtu wa kumshinda. Rashidi akamjibu. Collins akapandisha hasira, akamwita Rashidi mwoga anayejificha nyuma ya wakubwa. Neno hilo liliniuma. Nataka kujibu, mvua ikapiga huko milimani Uluguru, laini ya simu ikakatika. Nikazunguka ofisini natweta mpaka iliporudi.

Rashidi kamgaragaza Collins vibaya sana.

Alhamisi, 16 Oktoba

Nimekwisha. Linda kamwandikia Mkuu: Rashidi ndiye wa kwanza kwenye mjadala, chuo kinampa nafasi mwakani, na Jumatatu atampigia simu kumpongeza.

Mkuu akaniuliza yuko wapi huyo kijana. Nikasema amesafiri kidogo. Akasema basi kamlete.

Jioni Nasra akasimama dirishani. "Shikamoo, kaka Rashidi." Akasema Rashidi wanayemjua hakuwahi kumaliza sentensi tatu, ila huyu wa mtandaoni anaandika kama anaomba likizo. Akasema hatasema, mradi kila asubuhi kompyuta aanze yeye. Nimekubali. Sikuwa na hoja ya kupinga.

Jumamosi, 18 Oktoba

Kisaki, juu ya lori la mahindi. Nimemkuta Rashidi kituoni anacheza bao. Nikamweleza yote kwa kunong'ona, nikamsihi aje aseme hataki chuo, nafasi apewe mwingine.

Akauliza: kwa hiyo mimi nimefaulu? Akacheka mpaka kete zikamwagika. Mama yake akapiga vigelegele, akaniita mwanangu, akanichinjia kuku. Nimemla. Alikuwa mtamu, na hilo ndilo linaloudhi.

Jumatatu, 20 Oktoba

Simu ikalia. Rashidi kasema ndiyo, ndiyo, asante. Linda akauliza mbona leo mpole hivyo, ule moto wake uko wapi? Rashidi kasema ndiyo. Mkuu akajifuta machozi. Mimi nilikuwa nimeshika waya usichomoke.

Kumbe picha ya Rashidi imeshatumwa chuoni. Jina halikosewi tena. Mjinga yule anakwenda chuo kwa hoja zangu!

Jumatano, 22 Oktoba

Nimekaa nikatafakari kosa langu, na nimeliona. Kisaki ni karibu mno.

Hidaya wa kidato cha tano amehamia Bukoba. Huko hakuna lori la kumfuata. Nywila yake ninayo. Leo ameandika ujumbe wake wa kwanza, mkali, wa kumpinga Linda mwenyewe. Umeanza hivi: tafadhali husika na kichwa cha habari hapo juu.

Ukinihitaji, usije ofisini wala usinitaje getini. Mwandikie Hidaya barua pepe. Nitaisoma Nasra akimaliza zamu yake. Anza na salamu, kisha kichwa cha habari kwa herufi kubwa, ukipigie mstari. Bila hivyo nitajuaje kwamba wewe ni mtu makini?