Sweta Alilolalia Kijiko

Jumatano, 4 Machi
Hakuna mnyama duniani aliyewahi kunisahau. Hata mbu wa chumbani wananijua kwa jina! Dada anabisha. Eti Kijiko, paa niliyemlea, keshanisahau mwaka mzima huu. Thubutu! Mama yake alipogongwa na lori, nani alimnywesha maziwa kwa kijiko? Alikuwa akilala ndani ya sweta langu la shule, pua baridi kwapani mwangu. Mimi na hesabu hatuelewani, lakini kulea najua. Tumewekeana dau: atakayeshindwa ataosha vyombo mwezi mzima. Jumamosi tunakwenda kituo cha wanyama yatima, anakolelewa tangu mwaka jana.

Alhamisi, 5 Machi
Nimelifukua sweta. Mama akataka kulifua. Nikamkatalia kwa ukali, kisha nikaomba radhi upesi, maana alikuwa ameshika mwiko. Bado lina manyoya mawili ya Kijiko. Nikanusa. Nikasikia kwato zake sakafuni, ko-ko-ko, ananiamsha alfajiri. Nilikaa na sweta usoni mpaka mama akauliza kama naumwa.
Limekuwa fupi, kitovu nje. Si kitu. Atanijua kwa harufu.

Jumamosi, 7 Machi
Watunzaji wa kituo wanajifunika mashuka ya kijani na hawasemi neno, ili wanyama wasiwazoee watu. Msimamizi, mama mmoja mkali, akatunong'oneza kwamba leo Kijiko ana mtihani. Akimkimbilia mtu, porini haendi, maana kesho atamkimbilia mwindaji. Tunyamaze kabisa, tafadhali.
Nikaitikia kwa adabu zote. Halafu nikapiga mluzi wetu wa zamani.
Akaja mbio ngiri! Yatima mwingine, simjui. Akapenyeza mdomo kwenye waya, akatafuna mkono wa sweta. Kijiko, hatua kumi tu, anakula majani. Hakusogea. Kafaulu! Msimamizi akanitoa nje kwa sikio. Dada akacheka mpaka akakaa chini. Akasema angalau nimepata mchumba.

Jumatatu, 9 Machi
Sijashindwa. Upepo ulikuwa mbaya. Namweleza dada hivyo huku nasugua masufuria.
Jana Kijiko kafunguliwa porini. Mbinu mpya: Jumamosi nasimama ukingoni mwa pori, nagonga kijiko kwenye bakuli la maziwa. Atakataa vipi?
Ila kuna jambo sijamwambia dada. Nilipopiga mluzi, sikio la kushoto la Kijiko liligeuka. Alinisikia. Alinijua kabisa.
Akaendelea kula.